Kasuku Aliyetangulia Nyumba

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunipoa mkononi. Ni ya miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na barabara kuu ya kutoka Mbeya kwenda Iringa ni vumbi kiangazi na tope masika. Tulikaa mlimani, juu ya mji wa Mbeya, mahali pa viazi na pareto, na baridi ya mwezi wa sita inayoingia mpaka kwenye mifupa. Mimi nilikuwa msichana wa kuposwa.

Nasikia unataka kumletea mtoto wako kasuku. Sikukatazi. Ila keti kwanza. Watu wakisikia neno kasuku hufikiria manyoya mazuri. Mimi hufikiria sufuria.

Baba yetu, Ambwene, alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa mjini. Alipeleka viazi Iringa, akarudi na chumvi, nguo na mafuta ya taa. Alikuwa mtu wa kucheka, mwenye mikono mipana, na njia nzima walimpenda. Huko njiani, Nyololo, ndiko alikomwona mama yetu, binti wa Kibena, akamwoa, akamleta kwetu mlimani na kumweka katika nyumba ambayo alikuwa hajaimaliza. Ukuta wa upande wa juu ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Paa la nyasi lilivuja juu ya kitanda. Jiko lilikuwa humo humo ndani, mafiga matatu katikati ya sakafu, na moshi ulijitafutia njia wenyewe.

Mama alimwambia. Bibi, mama yake baba, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka yetu, naye alimwambia. Jibu la baba lilikuwa moja sikuzote: "Nikirudi safari." Na kweli alirudi, tena na zawadi: kitenge, sukari, kioo cha ukutani. Lakini kesho yake lori lilikuwa linamngoja tena. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwetu hakuna aliyeziba wala aliyejenga. Mama alikohoa masika hadi masika, mpaka yakaja masika ambayo hakuyamaliza.

Sisemi kwamba baba alimwua mama. Kifua kinaua watu hata kwenye nyumba za bati. Nasema tu kwamba tulipotoka kumzika tuliukuta ufa pale pale, upepo unapita.

Mdogo wangu Atupele alikuwa bado mtoto, meno ya mbele ndiyo yanamdondoka. Tangu siku ya mazishi akanyamaza. Alikula, alilala, alichota maji na kibuyu chake kama zamani, ila neno halikumtoka. Mchungaji alimwombea. Bibi alimchemshia majani anayoyajua yeye. Watoto wenzake walimchokoza apate hata kutukana, wapi. Baba akawa anamtazama kwa woga, kama mtu anayetazama mlango uliofungwa kwa ndani.

Basi siku moja lori likaja likipiga honi tangu chini ya kilima. Baba akashuka na kikapu kilichofunikwa kwa gunia. Ndani yake mlikuwa na kasuku mdogo, mgongo wa kahawia, tumbo la kijani, na mabegani rangi ya manjano kama ya ndizi mbivu. Alikuwa amempata Chimala, kwa Msangu mmoja anayetega ndege huko bondeni.

"Huyu anasema," baba alituambia, macho yanang'aa. "Yule mtu kaniapia. Ukimzoesha, anasema kama mtu. Atamfundisha mwanangu kusema tena."

Atupele alinyoosha kidole. Ndege akakishika kwa mguu wake, akapanda. Mwanangu, tangu mama afe sikuwa nimeuona uso ule. Hata mimi nililia.

Bibi hakulia. Alisimama mlangoni, fimbo mkononi, akaitazama nyumba nzima kuanzia juu mpaka chini, kama mtu anayetaka kuinunua.

"Gwe, wewe Ambwene," akasema, "ndege huyu ni mzuri. Mrudishe kwenye kikapu, akae kwangu kwanza. Hapa hana pa kuishi. Moto huu uko wazi. Chungu cha maji hakina kifuniko. Paka huyu tunamfuga kwa ajili ya panya, hajui tofauti ya panya na kasuku. Na moshi huu, mwenye kifua kikubwa hauwezi, sembuse kifua cha ndege?"

"Mama, mabawa yamekatwa. Hawezi kuruka. Ataanguka wapi?"

"Manyoya hayakatwi mara moja tu. Yanaota kama nywele."

Baba akacheka, akamshika bibi mabega. "Haya, mama. Nikirudi safari hii nitajenga jiko la nje. Nitaleta waya wa kufanya tundu kubwa, refu kama mtu. Nikirudi."

Bibi akamwondoa mikono, taratibu. "Hata mkweo alikupa binti yake ukimwambia hivyo hivyo. Mwanangu, mgeni hatangulii nyumba."

Hilo lilimchoma. Niliona kicheko kinavyozimika usoni mwake. Lakini mtu akichomwa na neno la kweli hufanya moja kati ya mawili: hukaa chini akalitafakari, au husimama akaondoka. Baba aliondoka. Lori lilikuwa linamngoja.

Tulibaki wanawake watatu na ndege. Baba hakutoa ruhusa ndege ahamie kwa bibi, basi tulifanya tuliloweza. Bibi alifunika chungu cha maji kwa ungo. Mimi nilimfukuza paka, naye akarudi, nikamfukuza tena, naye akarudi, kwa sababu mahindi yalikuwa darini na panya walikuwa darini, na kila kiumbe kina kazi yake. Kulipokuwa hakuna mvua nilipika nje. Atupele alikaa na kasuku upande wa mlangoni, mbali na moshi, akamlisha punje za mtama moja moja.

Na hapo ndipo jambo likatokea. Nilikuwa nyuma ya nyumba naanua pareto juani nikasikia sauti ndogo, kavu, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi.

"Kula. Kula basi."

Nikadhani ndege amesema kweli. Nikachungulia. Ilikuwa Atupele.

Sikuthubutu kuingia. Nilimwita bibi kwa mkono tu. Tulisimama pale kwenye ufa wa ukuta, mimi na bibi, tukisikiliza mtoto akimweleza kasuku kwamba mtama ni mtamu, kwamba nje kuna baridi, kwamba asiogope. Kwetu sisi bado hakusema neno. Lakini kisima kilichokauka kikianza kutoa unyevu, huhitaji kuuliza maji. Unangoja.

Bibi aliona jambo jingine pia. Siku zile zile alimshika ndege, akalikunjua bawa lake polepole, akanionyesha: manyoya mapya yalikuwa yamechomoza, marefu. "Baba yako akifika," akasema, "kabla hajanywa hata maji, mwambie."

Alipofika nilimwambia yote mawili. Kosa la masikio ya baba ni kwamba yalisikia moja tu. Aliposikia kwamba Atupele anasema, alikaa chini kwenye vumbi pale pale kando ya gurudumu, akafunika uso kwa kofia. Kisha akasimama kama mtu aliyefufuka, akawaita madereva wenzake wawili aliokuja nao, na majirani, na mzee wa kanisa. Alitaka watu wasikie.

Bibi akamzuia uani. "Bawa limeota, Ambwene. Waya uko wapi?"

"Upo ndani ya lori, mama. Kesho asubuhi nafanya tundu. Leo nina wageni."

Na ni kweli, mwanangu, waya ulikuwamo ndani ya lori. Niliuona kwa macho yangu, umeviringwa, mpya. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine yote. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Alikuwa mtu wa kesho.

Ilikuwa mchana, lakini mvua nyembamba ya baridi ilikuwa inanyesha, na wageni wakaingia ndani kuota moto. Baba akaniagiza niwapikie ugali humo humo. Nikabandika sufuria kubwa, nikakaa pembeni nikichekecha unga. Maji yakaanza kuchemka. Atupele alikuwa amejibanza kwenye kona yake na ndege begani, akiwatazama watu wote wale.

"Njoo, mama mdogo," baba akamwambia, maana ndivyo alivyomwita akifurahi. "Njoo useme na ndege wako, wajomba wasikie."

Mtoto hakusogea.

"Basi nitamleta mimi."

Akamchukua kasuku begani kwa mtoto, kwa mkono wake mpana, akamleta karibu na moto ili watu waone rangi. Ndege akaogopa, akamng'ata kidole. Baba akashtuka, akamwachia. Na ndege ambaye hawezi kuruka akaruka. Paka akachupa kutoka kwenye magunia, akamkosa. Kasuku akapanda mpaka kwenye paa, akajigonga kwenye boriti, akazama ndani ya moshi, tukawa tunasikia mabawa tu bila kumwona. Kisha akashuka.

Sitakueleza sauti ile. Baba alitumbukiza mkono mzima kwenye maji yanayochemka akamtoa. Ngozi ya mkono ule haikurudi kuwa ya kawaida mpaka kufa kwake. Alipiga magoti pale na kile kitu kilicholowa kiganjani.

Ndipo Atupele aliposema. Hakulia. Alisema kwa sauti ambayo kila mgeni aliyealikwa kuisikia aliisikia.

"Ulisema ukirudi."

Akasogea hatua moja. "Mama pia ulimwambia ukirudi."

Wageni waliondoka mmoja mmoja bila kuaga. Ugali haukupikwa. Bibi, ambaye alikuwa na haki ya kusema kuliko mtu yeyote, hakusema kitu. Aliuchukua mkono wa mwanawe akaufunga kwa majani ya mgomba, akawa anaupuliza kama mkono wa mtoto.

Kesho yake asubuhi baba hakwenda na lori. Kwa mkono mmoja alichanganya udongo akaziba ufa. Alijenga jiko la nje. Alifunga waya dirishani, akafanya vifuniko vya mbao vya kila chungu, akabadilisha nyasi za paa. Ikawa nyumba salama kuliko zote mlimani pale. Watu walikuja kuitazama wakaisifu, na baba alisimama akisikiliza sifa zile kama mtu anayesikiliza matusi. Kila alichotengeneza kilikuwa kinashuhudia kwamba muda wote ule kiliwezekana.

Mjomba wetu akaja kutoka Nyololo akasema atakaa na Atupele kwa muda. Muda ule haukuisha. Huko kwa mjomba mtoto alisema, mwanangu. Alisema na kila mtu, akaenda shule, akaimba kwaya kanisani. Baba akipita na lori alipunguza mwendo, akapiga honi. Watoto wote wa pale walikimbilia barabarani kumpungia. Atupele hakutoka. Mara moja baba alishuka na kikapu, ndani yake kasuku mwingine, na tundu la waya zuri alilolifanya mwenyewe. Atupele alimwamkia kwa heshima zote, akapiga magoti, akamletea maji ya kunawa. Kisha akambeba ndege akampa mtoto wa jirani. Tunaimba tu mithali ile, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Baba alimkuta.

Alipougua ugonjwa wa mwisho nilimtumia Atupele habari. Alikuja, akamwogesha, akamlisha uji kwa kijiko. Baba alimwomba msamaha mbele yangu. Atupele alimfuta mdomo, akamfunika vizuri. Alisema, "Pumzika, baba." Hilo ndilo alilolipata. Sijui kama ulikuwa msamaha. Sikuwahi kumwuliza mdogo wangu, na yeye hakuwahi kuniambia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Kabla hujamleta kasuku, ingia nyumbani kwako kama ndiyo mara ya kwanza. Kaa chini, tazama kwa urefu wa mtoto, kisha tazama juu kwa jicho la ndege. Pangaboi linalozunguka, dirisha lisilo na waya, ndoo iliyo wazi, jiko, moshi, paka, mbwa wa jirani. Rekebisha kwanza, ndipo uende kumchukua. Ukiona huwezi kurekebisha sasa, basi huwezi kufuga sasa, na si aibu. Usimwamini mtu anayekuambia ndege hawezi kuruka. Na usimfanye mnyama dawa ya huzuni ya mtoto, halafu ukamwacha mtoto ailinde dawa hiyo peke yake.

Tena si ndege tu. Utapata watoto wengine, utachukua yatima wa ndugu yako. Kupenda ni rahisi, baba yangu alipenda kuliko wanaume wengi niliowajua. Lakini upendo unaokuja na zawadi mkononi na ufa ukutani, waliopendwa watakuja kuukumbuka ufa. Anayekuambia "hapa si salama" hakuchukii. Msikilize siku ile ile, kabla hujanywa hata maji.

Nenda, mwanangu. Mungu wa mama zetu akujalie macho ya kuona mapema na mikono isiyongoja kesho. Wote utakaowaingiza mlangoni mwako, wenye mabawa na wasio na mabawa, wapate kuzeeka humo, na watoto wako wakikuona unarudi, wakimbie kukupokea. Amina.