Unga wa Tele, Sukari ya Mfuto

Lau ningemwambia mjomba wangu Athmani, "Hapana, dada achukue kibaba," nisingekuwa na haja ya kuandika haya. Lakini nilikubali, tena kwa furaha. Hadi leo, popote ninaponusa iliki na tui vikipata moto ndani ya sinia, uso wangu huona haya kabla mate hayajanijaa kinywani.

Dada yangu Zena alikuwa anaolewa Pate, karibu na Mtangawanda. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na vita vikuu vya kwanza vilikuwa havijaanza. Siku ya saba bi harusi alitakiwa awapikie wakwe mkate wa sinia, waujue mkono wake. Kwetu Amu mkate huo ulipimwa kwa kibaba cha Bibi, chombo cha mti mweusi kilicholainishwa na viganja vya miaka mingi: unga wa mchele vibaba vitatu, sukari kimoja. Vibaba vya Pate havikulingana na chetu, ndiyo maana Bibi akasema Zena aende nacho.

Mjomba, muuza viungo, akacheka. Bibi atabaki akipimia nini, viatu? Bwana harusi ana mizani dukani, na mtoto huyu anajua kuandika. Apime kila kitu kwa ratili, Zena achukue karatasi.

Basi nikapima kwa mizani ya mjomba. Bibi alikuwa ndani akimpaka Zena hina, nami sikutaka kuonekana nauliza. Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa ametusomesha juu ya wanaopunja vipimo, nikaogopa dhambi. Kila nilipojaza unga nilipitisha kijiti juu ya mdomo wa kibaba, ukawa sawa kama sakafu. Nikaandika ratili na wakia kwa hati yangu nzuri kuliko zote. Zena akaibusu ile karatasi, akaitia katika kisanduku chake cha udi.

Habari za siku ya saba zilitufikia kabla ya mwezi kwisha. Mkate haukuumuka. Ulilala kwenye sinia, katikati majimaji, na wifi yake mkubwa akamuuliza mbele ya wageni, "Bi Zena, hunu ni mkate au ni uji wa kukata na kisu?" Zena alijibu kwamba mkono wake uliingia woga. Karatasi hakuitaja.

Sikuelewa mpaka Idi, nilipomtazama Bibi akipima. Unga aliujaza ukapanda kilima juu ya kibaba, mwingine ukamwagika kando. Sukari ndiyo aliyoipangusa kwa kidole. Nilipomuuliza, alinishangaa.

"Unga ni wa tele, sukari ni ya mfuto. Nani asoyua?"

Asiyejua nilikuwa mimi. Nikaenda kuchochea moto.

Mwaka uliofuata nilipelekwa Pate kumwamkia Zena. Wifi yake alikuwapo, na utani ulikuwa haujaisha. Walikuwa wamekwisha kumpa jina, Bi Uji, naye akicheka pamoja nao. Zena aliniwekea kipande cha mkate kilichosimama, chenye vitundu vidogo na ukingo wa kahawia, akanitazama machoni.

"Kula, nduyangu. Hunu ni wa tele."

Alijua. Alikuwa ameligundua mwenyewe kosa langu, kwa kujaribu na kuharibu, akalisahihisha bila kumwambia mtu. Na kwa neno lile moja alinifungulia mlango, niingie niseme. Mimi nikajaza mdomo mkate, nikasifu ulaini wake.

Nilikwenda kusoma, nikamaliza, nikarudi. Kila mwaka nikisema safari hii nitamwambia. Namshukuru Mungu kwa kunipa dada aliyeniona mtoto kabla ya kuniona mkosaji. Zena amezikwa Pate, na wanawake waliokuja kumlilia walimlilia kwa jina la Bi Uji. Karatasi ile ilinigharimu hili: dada yangu alibeba aibu yangu mpaka kaburini, na sikuwahi kumwambia ahsante.