Gari la Hamira Lililoogopa Mvua

Mtaani walimwita Hamira, wala hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Kwanza, alikuwa mwoka mikate. Pili, ukimgusa kidogo tu anaumuka. Mwambie mkate wa leo umekaa sana motoni uone: kifua kinapanda, mashavu yanajaa, shingo inapotea. Ukimwacha hivyo kidogo hewa inamtoka, anacheka peke yake, na pengine anakuongezea mkate mdogo juu ya ule ulionunua.

Vitu viwili hakutaka visemwe vibaya: tanuri lake na gari lake. Gari lenyewe lilikuwa la dizeli, refu, la umri ambao binadamu akiufikia watu humpisha kiti. Asubuhi liliunguruma kama mzungumzaji anayesafisha koo kabla ya hotuba. Viti vya nyuma alikwisha kuving'oa ili trei za mikate zipate nafasi, na humo ndani mlinuka mkate na dizeli kwa pamoja. Mkewe, ambaye alikuwa mshonaji, alisema harufu hiyo ndiyo manukato pekee aliyowahi kuletewa na mumewe.

Sasa gari hili lilikuwa na maradhi. Jua likiwaka, buheri wa afya. Mvua ikinyesha, linapandwa na mashetani. Taa za kuonyesha upande zinawaka zote pamoja, kushoto na kulia, kama dereva hajaamua aendako. Waipa zinasimama katikati ya kioo. Mvua ikikatika na gari likakauka, akili zinalirudia, na ukilitazama huwezi kuamini kwamba ni lilelile.

Hamira hakumwambia mtu. Alisema gari ni kama ndoa, huwezi kutangaza kila linalotokea ndani. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na gari la Hamira liliumbuka hospitalini.

Kila asubuhi alipeleka mikate kwenye jiko la hospitali, akipita kwenye geti lenye bango la mtu aliyeweka kidole mdomoni. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Alikuwa anarudi kinyumenyume kwenye mlango wa jiko, honi ikaanza kulia. Haikuwa pii ya mara moja. Ilikuwa ndefu, bila kuvuta pumzi. Aligonga usukani, ikaendelea. Alizima gari, likakataa kuzimika. Aliuchomoa ufunguo kabisa, akautazama kiganjani mwake, na injini ikazidi kuunguruma kana kwamba ufunguo haikuwahi kuuhitaji.

Mlinzi akaja mbio na mwavuli.

"Mzee, bango hulioni?"

"Naliona!"

"Mbona unapiga honi sasa?"

"Si mimi!" Hamira akainua mikono yote miwili juu.

Mlinzi akaitazama ile mikono, kisha akainama achungulie ndani. "Kwani umekuja na nani?"

Madirisha ya wodi yakaanza kufunguka. Mgonjwa mmoja mwenye mguu uliofungwa plasta alisogea barazani kwa magongo, akatoa ushauri ambao haukusikika. Mwishowe Hamira alikanyaga breki, akatia gia kubwa, akaachia klachi ghafla. Gari likaruka kama limechomwa sindano, injini ikafa. Honi haikufa. Ikambidi afungue boneti na kung'oa waya wa betri kwa spana, maji yakimwingia mgongoni. Kimya kilipotanda, sauti ya mama mmoja ikatoka dirishani: "Afadhali," kwa raha ya mtu aliyeng'olewa jino.

Basi gari likaanza safari za kwa mafundi. Fundi wa kwanza alilikagua siku ambayo jua lilikuwa linapasua vichwa. Aliwasha taa, zikawaka. Akapiga honi, ikalia na kunyamaza kwa adabu. "Mzee, gari zima hili," alisema. "Mimi siwezi kutibu hadithi." Fundi wa pili alimwonea huruma, akamwekea honi mpya. Mvua iliporudi, gari lilipiga kelele zilezile, ila sasa kwa sauti nzuri zaidi.

Na muda wote huo dawa ilikuwa nyumbani. Mdogo wa mkewe alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwenye karakana nyuma ya kituo cha mafuta, na testa yake ya kupimia umeme ikining'inia shingoni kama kipimo cha daktari. Tatizo ni kwamba huyo alikuwa shemeji yake, na kati yao utani haukuwa na likizo.

"Nikimpelekea yule, atanitania mpaka kaburini," Hamira alimwambia mkewe.

"Kwa hiyo ni bora utaniwe na honi?" mkewe akamjibu, huku anachukua simu.

Shemeji alifika siku ya mapumziko, jua kali, amevaa ovaroli na kubeba kopo la kumwagilia maua.

"Shemeji, nasikia gari lako limejiunga na bendi."

"Umeanza."

"Sijaanza. Nikianza utajua." Akalizunguka gari polepole, akaligonga ubavuni kwa kidole. "Umeme haulogwi, shemeji. Kuna mahali maji yanapita yasipotakiwa kupita. Mafundi wako walingoja mvua iwafuate. Mimi nimekuja nayo."

Akafungua boneti. Kila kiungo cha waya kilikuwa kimevishwa mfuko wa plastiki wa mkate, na kufungwa kwa utepe mweusi. Hamira akakohoa kidogo. Ile kazi ilimchukua jioni nzima, naye alikuwa anaionea fahari.

"Hiyo ni kinga," alisema.

Shemeji alifungua mfuko mmoja, maji yakamwagika. Akafungua wa pili, yakamwagika. "Kinga? Hapa umefuga samaki. Maji yakishaingia humu yatatokea wapi?" Akaivua yote, akavikausha viungo kimoja kimoja kwa kitambaa, kisha akamwamuru Hamira akae ndani, awashe gari na kupaza sauti atakapoona kioja chochote.

Alianza kumwagia chini, kwenye magurudumu. Mkewe Hamira, aliyekuwa amekaa kizingitini na nguo ya mteja mapajani, akauliza kwa nini asimwage juu mara moja wamalize.

"Nikianza juu, dada, kila kitu kitaloa na sitajua mwizi ni yupi. Naanza chini, napanda taratibu."

Akamwagia magurudumu. "Kimya!" alipaza Hamira. Akamwagia taa za mbele. "Kimya!" Akamwagia injini pembeni. "Kimya kabisa!" Kila mara sauti ya Hamira ilizidi kujaa, mpaka ukadhani anashangilia mchezo. "Si niliwaambia gari langu halina neno?"

Shemeji akajaza kopo tena, akaliinamisha juu ya kioo cha mbele. Maji yakateremka hadi kwenye wavu wa plastiki ulio chini ya kioo, yakatoweka humo. Kwa muda mfupi hakukutokea kitu. Mara taa za upande zikawaka zote, na ile honi mpya ikalia hata mshonaji akajichoma sindano.

Hamira hakupaza sauti. Hapakuwa na haja.

Walipoiua injini kwa klachi na kung'oa waya wa betri, shemeji alilala chali sakafuni, miguu nje na kichwa chini ya dashibodi, akimulika kwa tochi. Zulia lilikuwa limelowa. Kisanduku cha fyuzi kilidondokewa tone baada ya tone, na meno yake ya shaba yalikuwa yameota kutu ya kijani. Maji yakikaa pale yalikuwa yanaunganisha nyaya zisizojuana: umeme wa taa ukavuka kwenda kwenye honi, na mwingine ukaenda kuishikilia injini hata ufunguo ukiwa mfukoni. Akalifuata lile tone kwenda juu, likampeleka kwenye tundu la kuingizia hewa. Akatoka, akaung'oa ule wavu wa plastiki nje. Chini yake palikuwa na kidimbwi na majani yaliyooza.

"Hapa kuna tundu la kutolea maji," alisema, akipapasa kwa kidole. "Limezibwa." Akavuta. Kikatoka kitambaa kirefu, cheusi kwa uchafu. Akakikung'uta, akakikunjua. Kilikuwa na mkanda wa kufungia kiunoni, na doa la unga uliogandamana.

Mkewe Hamira alikitambua kabla ya mtu yeyote, maana alikishona yeye. "Hiyo si aproni yako?"

Hamira akaumuka. Alieleza, kwa hasira ya mtu mwenye haki, kwamba kulikuwa na panya. Panya huyo aliingia garini usiku akatafuna mikate ya wateja, naye, kwa akili zake, akaziba kila tundu aliloliona. Panya hakurudi tena. Je, hilo nalo ni kosa?

"Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," shemeji akasema, akiinyanyua aproni kwa vidole viwili. "Mimi siku zote nilidhani ni fumbo."

Mkewe alicheka mpaka akaiweka kando nguo ya mteja asije akaiharibu. Hamira alijitahidi kubaki ameumuka, lakini midomo ilimsaliti, naye akacheka, akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango na kichwa mikononi.

Shemeji alikibadilisha kisanduku cha fyuzi, akasafisha nyaya, na kwenye lile tundu akafunga wavu mdogo wa chuma, maji yapite na panya asipite. Akamwaga kopo zima juu ya kioo. Gari likatulia. Bado alikataa kusema limepona. "Kopo si mvua," alisema. "Ikinyesha kweli, njoo unichukue."

Ilinyesha jioni moja, siku zilipokuwa zimesonga, mvua ya kufunika barabara. Hamira alimwachia mkewe tanuri, akamfuata shemeji karakanani. Walizunguka mitaa wakipita makusudi kwenye madimbwi, shemeji ameinamisha sikio kwenye dashibodi. Taa ziliwaka zilipowashwa. Waipa zilifanya kazi yake. Honi ilinyamaza.

Hamira alikuwa na maneno ya shukrani aliyoyapanga tangu asubuhi. Alipogeuka ayaseme, akamkuta shemeji amesinzia, kichwa kwenye kioo, mikono bado ina grisi. Akapunguza mwendo. Akayakwepa mashimo moja moja, akachukua barabara ya mbali yenye lami nzuri.

Getini kwake shemeji akafumbua macho. "Mbona taratibu hivi? Au sasa unaogopa mvua wewe?"

"Ahsante, shemeji," akasema Hamira. "Umenisitiri."

Shemeji akafungua mlango wa gari. Akanyoosha mkono nyuma, akachukua mkate kwenye trei, akauficha ndani ya ovaroli, na kukimbilia mlangoni kwake huku mvua ikimpiga.