Ulimi Wangu na Maji ya Kostiki

Mwaka ule tulikula dagaa wa usipa kwa ugali wa muhogo mpaka nguo zetu zikanuka ziwa, maana mahindi ya milimani yalichelewa kushuka Liuli. Ndio mwaka watu walipoanza kusema "ruksa", na madukani vikarudi vitu tulivyokuwa tumesahau sura zake. Kabla ya hapo tulifulia majani ya mpapai, na maharage tuliyalainisha kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu. Kuyaonja maji hayo ilikuwa kazi yangu. Unagusisha ncha ya ulimi: yakiuma kidogo yanafaa, yakichoma unaongeza maji. Nilikuwa na miaka tisa, na sijisifu bure, hakuna mwanamke pale kwetu aliyenishinda ulimi.

Mama akanunua kostiki, magadi makali ya dukani, apike sabuni kwa mawese ya Kyela. Akaiyeyusha kwenye ndoo, akaiacha ipoe, akatoka kufuata mafuta. Nikaona maji yametulia, nikajua kazi yangu imefika. Nikachota kijiko. Wahenga husema ulimi huuma kuliko meno; siku ile wangu ndio ulioumwa. Kwa kushtuka nikameza, moto ukashuka kooni.

Kelele zangu zikamleta jirani, Mama Tumaini, vidole tayari kunitia kinywani.

"Mtapishe, Mama Skola! Atakufa huyu!"

Mama, aliyekuwa ndio anaingia, akamdaka mkono. "Hatapishwi. Kimemchoma kikishuka, hakitamchoma tena kikipanda."

"Basi mpe ndimu ivunje ukali!"

"Umewahi kutia ndimu kwenye maji ya majivu ukaona yanavyofura? Unataka yafure tumboni mwa mwanangu?"

Akanisukutua, akaninywesha maji funda moja moja, akanibeba mgongoni hadi hospitali. Muuguzi akauliza kwanza kama nimetapishwa. Aliposikia hapana, akashusha pumzi: "Afadhali, mama." Siku ya tano uji ukapita kooni bila kuuma. Hapo ndipo mama alipolia.

Siku hizi mjukuu wangu hunisomea maandishi ya kwenye chupa ya dawa ya choo: aliyekunywa asitapishwe. Kumbe wasomi nao wamefika! Mama hakujua hata kuandika jina lake. Mama alipozeeka, Mama Tumaini alikuwa akija kuota naye jua na kumchokoza mbele yangu, mimi nikiwa na mjukuu mapajani: "Lakini siku ile, Mama Skola, tungekatapisha tu kale katoto." Mama, kibogoyo, hata hageuki kumtazama:

"Hatapishwi. Kimemchoma kikishuka, hakitamchoma tena kikipanda."