Sheria ya Moto na Shamba la Bi Somoe

Nakumbuka asubuhi ile tulipomtoa Bi Somoe shambani kwake. Nimejaribu kuisahau, haisahauliki.

Mwanangu, nilikuwa kijana bado, katibu wa halmashauri ya kijiji chetu karibu na Mnazi Bay, na kichwa kilikuwa kimenivimba, wallahi. Moto ulikuwa umeteketeza mikorosho ya watu. Tukakaa kikao, tukatunga sheria ndogo: atakayewasha moto ukavuka mpaka wa jirani, shamba ananyang'anywa. Tulipigiwa makofi.

Msimu uliofuata moto ukaunguza mikorosho ya jirani yake Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mjane aliyeishi kwa mihogo na korosho zake, nasi tukasema ndiye aliyeuwasha. Alikana kabisa.

"Nipelekeni mahakamani," alisema, "hakimu naye anisikilize."

Mimi ndiye niliyemjibu, mdomo mrefu: "Sheria tumeitunga wenyewe, mama. Hakimu atatueleza nini?"

Tukamshtaki sisi, tukamhukumu sisi. Akafunga vyombo vyake, akaenda kwa binti yake Chuno, mjini.

Kaka yake Bi Somoe akafungua kesi, ikachukua miezi. Mashahidi walieleza kuwa moto ulianzia barabarani. Hakimu akafuta uamuzi wetu, shamba likarudi kwa mwenyewe. Kisha akatugeukia: "Kutunga sheria ni kazi yenu. Mkiona ina kasoro, kaibadilisheni kwenye vikao vyenu, mimi siwezi kuwabadilishia. Lakini kumtia mtu hatiani si kazi yenu."

Nilijitolea kumpelekea Bi Somoe nakala ya hukumu. Nilipofika Chuno nikakuta majamvi yametandikwa uani, watu wako matangani. Alikuwa amezikwa jana yake. Binti yake akaisoma ile karatasi hadi mwisho, akanirudishia.

"Kamsomee kaburini," akasema.

Sikwenda. Sikuwa na uso wa kwenda.

Sasa wewe umechaguliwa diwani, nami sina raha hata kidogo. Tunga sheria, lakini ukishaitunga, mwachie mwingine aamue nani kaivunja. Mahakama ikifuta uamuzi wenu usinune, na usimpigie hakimu simu. Mahakimu nao ni watu, wanakosea. Wakiisoma sheria vibaya, rudini kikaoni muiandike ieleweke. Na mnyonge akikwambia anataka kusikilizwa kwingine, mpishe njia, mwanangu. Mpishe siku hiyohiyo.

Mungu akulinde, akupe uongozi wenye heri, na asikufikishe kwenye msiba ukiwa umebeba haki iliyochelewa kwa mkono wako.