Bango la Shujaa Getini Kwetu

Kwa miaka sita majirani zetu wa Shirimatunda walijua kwamba mume wangu ni dereva wa lori. Uongo huo niliutunza kuliko nilivyotunza sufuria zangu za harusi. Ukweli ni kwamba alikuwa askari wa kupambana na dawa za kulevya, wa wale wasiovaa sare, na kazi yake ilikuwa kukaa na wauzaji mpaka wamzoee. Hata binti yetu wa darasa la tano aliamini baba yake anaendesha lori.

Siku moja mume wangu alimkimbiza muuzaji mmoja kwenye korongo huko juu migombani, akateleza, akavunjika nyonga. Majirani tuliwaambia lori limepinduka. Wakaja na mtori wa ndizi na nyama, wakamsalimia mgonjwa, wakasali, wakaenda zao. Wale wanajua kumwona mgonjwa.

Halafu ikaja kamati. Sijui ni nani aliyewafundisha matajiri wa mjini kwamba huruma lazima ivae fulana. Walikuwa wafanyabiashara na wake zao waliojipa kazi ya kusaidia askari wa dawa za kulevya na familia zao, wakiongozwa na mwanamama asiyevua miwani ya jua hata sebuleni. Alikuja kwanza peke yake na fomu. Mkuu wa kazi wa mume wangu alikuwa amempa jina letu kwa siri, akidhani anatusaidia.

"Hii ni ya faili tu, mama," aliniambia. "Haitoki ofisini."

Nikabandika picha ya mume wangu. Nikaandika jina la mtoto na shule anayosoma, kwa sababu walisema watamnunulia sare na madaftari. Nilijaza kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Hilo ni kosa langu, na sijajisamehe.

Jumamosi iliyofuata yalikuja magari manne na spika. Kabla sijafika uani walikuwa wameshafunga bango kwenye geti letu, kwa nje, ili lionekane vizuri pichani. Uso wa mume wangu ulikuwa mkubwa kama mlango, na chini yake maneno ya kumsifu kwa kupambana na dawa za kulevya. Mtaa mzima ulikuwa umetoka kuangalia.

Mume wangu alikuwa kitandani, hawezi hata kugeuka. Alisikia spika, akanishika mkono. "Watoe," alisema. "Watoe hao watu haraka."

Nilichelewa. Mshereheshaji alikuwa ameshaanza kusoma ile fomu, yote, kama tangazo la ndoa kanisani: jina la binti yetu, darasa lake, shule yake. Wanakamati wakapiga makofi. Nikalivuta lile bango mpaka kamba zikakatika, machozi yananitoka, na mmoja wao akaniinamia na simu yake kunipiga picha. "Amezidiwa na furaha," akawaeleza wenzake. Nimewahi kuona ujinga, lakini ule ulikuwa umepigwa pasi na kunyunyiziwa manukato. Walituachia godoro, mchele, na keki yenye pingu za sukari juu yake. Keki nilimpa nguruwe wa jirani, naye aliila bila hotuba.

Jumatano binti yetu alirudi kutoka shuleni akiwa amefurahi. Mtu wa pikipiki alimsubiri nje ya shule, akamwita kwa jina lake.

"Ameniuliza nyonga ya baba inaendeleaje," alisema. "Kasema nimwambie wanamkumbuka sana. Mama, kwa nini hukuniambia baba ni shujaa?"

Kesho yake asubuhi nilimpeleka kwa ndugu, mkoa mwingine, shule nyingine. Alilia njia nzima kwa sababu hatukumruhusu kumuaga rafiki yake wa dawati moja. Nami nililia kwa hasira. Mtoto anahamishwa kama mkosaji, na waliomponza wako mjini wanachagua picha za kubandika mtandaoni.

Mama mkwe wangu akashuka kutoka Kirua Vunjo kuja kunisaidia kumuuguza mwanawe. Alikuwepo siku mwenyekiti wa kamati, yule wa miwani ya jua, aliporudi, baada ya wakubwa wa kazini kwa mume wangu kumfokea. Safari hii alishika jani la sale, lile tunalopanda mipakani mwa mashamba. Mchagga ukimpelekea jani hilo mtu uliyemkosea, hakatai kukusamehe. Nyuma yake alikuja mpiga picha.

"Shikamoo, mama," alimwambia mama mkwe, akapiga magoti upande ule wenye mwanga.

"Marahaba."

Mimi ningemtoa kwa ufagio. Mama mkwe hakulipokea lile jani, wala hakulikataa. Alilitazama tu, mikono yake ikiwa juu ya kanga.

"Sale hupelekewa yule aliyekosewa," alisema. "Sisi ni watu wazima, tutavumilia. Uliyemkosea ni mjukuu wangu."

"Nitampelekea, mama, hata leo hii!" Yule mwanamke akamgeukia mpiga picha, kisha akarudisha uso kwetu. "Yuko wapi?"



"Hilo, mwanangu," alisema mama mkwe, "wewe hatuwezi kukuambia."