Karani Ashika Bureti

Chuoni walimwita Karani, na jina hilo alilipata kihalali. Mwandiko wake ulikuwa mzuri hata mhadhiri mmoja aliwahi kuinua karatasi yake mbele ya darasa na kuuliza kama imepigwa chapa. Basi kila kikundi cha maabara kikamgombania. Vifaa vilikuwa haba na wanafunzi tele, hivyo watu kumi walizunguka meza moja: mmoja anamimina, mmoja anatikisa chupa, mmoja anasoma vipimo, waliobaki wanapiga soga, na Karani anaandika. Aliandika miaka mitatu. Ripoti zake zilipata alama za juu, naye hakuona ubaya. Kuna ubaya gani mtu akifanya anachokiweza?

Ukimuuliza habari za chuo, hiyo hakuambii kwanza. Atakusimulia chumba cha watu wanne kilicholaza saba, foleni ya bafuni, na rafiki yake aliyekariri daftari zima la somo ambalo mtihani wake ulikuwa umefanyika jana yake. Atacheka mpaka apaliwe. Maabara huja mwisho, na hapo sauti hushuka kidogo.

Alipohitimu alijiandikisha kujitolea mwaka mmoja kwenye shule ya sekondari iliyokosa mwalimu wa kemia. Shangazi yake, mshonaji aliyemlea tangu utotoni, alinuna siku mbili nzima.

"Nimekusomesha mpaka macho yananiuma, halafu ukafanye kazi ya bure?"

"Si ya bure, shangazi. Wananipa chumba."

"Chumba hata hapa unacho."

Lakini ni shangazi huyohuyo aliyemshonea koti jeupe lenye mifuko mitatu na kulipiga pasi mara mbili. Karani akaondoka nalo kichwa juu. Kemia si aliijua?

Alikuta watahiniwa arobaini na mmoja, na majuma saba tu kabla ya mtihani wa vitendo. Katika mtihani huo kila mmoja husimama peke yake na bureti yake, yaani mrija mrefu wa kioo wenye alama na koki chini, akidondosha asidi tone kwa tone kwenye chupa mpaka kioevu kigeuke rangi. Bureti zilikuwepo hamsini, msaada wa wafadhili. Mtunza maabara, mama mmoja ambaye shule nzima ilimwita Mama Funguo, alizionyesha kwa fahari kabatini, kila moja imeviringishwa gazeti.

"Miaka kumi na moja, mwanangu, haijavunjika hata moja."

Isingevunjika. Haikuwahi kutolewa humo.

Siku ya kwanza ya vitendo Karani alifunga vifungo vyote vya koti, akasimama mbele ya darasa, akamimina asidi kwenye bureti. Koki alikuwa hajaifunga. Asidi ikapita moja kwa moja, ikatiririka mezani na kumwagikia viatu. Bahati nzuri, asidi ilikuwa imezimuliwa kwa maji mengi. Mama Funguo alikuwa mlangoni, akaona yote.

Kusema kifaa ni kibovu kulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Wangemwamini. Aliwatazama wale arobaini na mmoja, kila mmoja na siku yake ya kusimama peke yake, akaona aibu, na aibu hiyo haikuwa ya viatu.

"Sijawahi kuishika hii," alisema. "Chuo kizima nilikuwa naandika tu, wenzangu ndio wanafanya."

Msichana wa dawati la mbele akauliza, "Sasa mwalimu, nani atatufundisha?"

"Mimi. Nipeni mpaka Jumatatu."

Darasa lilipotoka, Mama Funguo alichomoa ufunguo mmoja kwenye shada lake, akamwekea mkononi. "Mficha uchi hazai," alisema. "Chukua. Ukimaliza, funga madirisha."

Jumamosi asubuhi Karani alimpigia simu mwenzake wa kikundi, yule aliyekuwa akishika koki enzi hizo, sasa yuko kiwanda cha sabuni. Jamaa alicheka mpaka Karani akasogeza simu mbali na sikio.

"Karani, umefaulu kwa mikono yangu, unajua?"

"Na wewe umefaulu kwa mwandiko wangu. Haya, nielekeze."

"Mkono wa kushoto kwenye koki, wa kulia utikise chupa. Jicho liwe sawa na alama, usisome umesimama. Njano ikigeuka rangi ya chungwa, funga. Ikiwa nyekundu umeshapita, mwaga uanze upya."

Alimwaga na kuanza upya mara kumi na tisa. Jumapili alasiri alivunja bureti moja. Mama Funguo aliviangalia vigae, akaenda kuleta ufagio. Kabla ya jua kuzama, rangi ya chungwa ilitulia mara tatu mfululizo.

Jumatatu alifundisha. Vikundi alivipiga marufuku, na kila mtoto akamwaga na kukosea kwa mikono yake mwenyewe.

Juma moja kabla ya mtihani yalikuja maelekezo. Mwalimu wa somo atapima kwanza mbele ya msimamizi, na kipimo chake kitafungwa kwenye bahasha kiwe ndicho cha kusahihishia. Karani aliyasoma mara mbili. Akikosea yeye, arobaini na mmoja waliopatia watahesabiwa wamekosa.

Mkuu wa shule naye aliyasoma. "Tunaweza kumwazima mwalimu wa shule ya jirani," alisema taratibu. "Ni mzoefu."

Karani alijiuliza kwa dhati kama kinachomzuia ni kiburi. Akaona sicho.

"Mkuu, nimekosea sana kwenye hii kazi. Hakuna kosa lake nisilolijua kwa sura. Nitapima mimi."

Siku ilipofika, msimamizi alisimama karibu naye, mikono nyuma. Karani akafunga koki, akamimina, akainama jicho likawa sawa na alama. Ishirini na tatu nukta nne. Akarudia: nukta tatu. Akarudia: nukta nne. Aliandika haraka, na msimamizi akauliza, "Hii ni tatu au nane?" Ikabidi aandike upya.

Kisha watoto wakaingia, yeye akatolewa nje. Kwa muda wa saa mbili na nusu hakukaa chini.

Walipotoka walikuwa tayari wanabishana. "Mimi ishirini na tatu nukta nne." "Mimi nukta tatu." "Nukta nne na mimi." Mmoja alisema ishirini na sita, wenzake wakamzomea. Yule msichana wa dawati la mbele akamjia Karani.

"Mwalimu, wewe ulipata ngapi?"

"Siruhusiwi kusema," Karani alijibu, lakini kicheko kilikuwa kimeshamtoka pamoja na machozi, na uwanja mzima ukaanza kupiga kelele.