Jani Lililobaki Uwanja wa Ndege

Koti nililokwenda nalo kwenye barafu nililinunua soko la Kilombero, kwenye rundo la mitumba. Lilikuwa la bluu, zito, lenye mifuko mingi na zipu iliyokuwa inakwama katikati. Muuzaji alinitazama nikilijaribu juani.

"Vipi kaka, unahamia kileleni?"

"Nakwenda mwisho wa dunia."

"Basi ongeza na soksi," akasema, akanifungia kwenye gazeti.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa na Arusha ilijaa kampuni za utalii. Aliyekuwa na gari moja bovu na mlango wa kuandika jina alikuwa mkurugenzi. Mimi nilikuwa dereva. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na Kiingereza changu kilitosha kumweleza mgeni tofauti ya chui na duma. Nilikuwa nimetoka chumba cha kupanga Sokon I na ninajenga Njiro, nyumba yenye ukuta, kama walivyokuwa wanajenga watu wa maofisini. Nilijiona nimefika.

Katika wageni wangu alikuwapo mzee mmoja na mke wake waliokuja karibu kila kiangazi. Mwaka mmoja alikuja peke yake. Mke alikuwa amefariki, nao walikuwa wameshalipia chumba cha watu wawili kwenye meli ndogo inayozunguka kusini kabisa mwa Chile, kwenye fiodi, yaani mikono ya bahari inayoingia ndani sana katikati ya milima. Aliniambia tukiwa tumesimamisha gari, tunawasubiri tembo wavuke.

"Umenionyesha wanyama wako miaka yote. Njoo uone simba wa baharini."

Nilikubali kabla tembo wa mwisho hajavuka.

Sasa nieleze habari ya kaka yangu, kwa sababu safari ile siwezi kuikumbuka bila yeye. Alikuwa mkubwa wangu, akikaa Nkoaranga kwenye shamba la baba. Aliacha shule mapema ili mimi niendelee, na kahawa aliyoipalilia na kuipogoa yeye ndiyo iliyonisomesha. Biashara ilipofunguliwa walikuja wanunuzi binafsi na magari yao, bei ikapanda kidogo, watu wakashangilia, kisha ikaanguka. Dawa zilizokuwa zinaletwa na ushirika sasa ulizitafuta mwenyewe dukani. Kaka akachoka. Aling'oa mibuni yote ya upande wa chini, akapanda nyanya.

Hakuniuliza. Nilizisikia habari mjini, kutoka kwa mtu wa kwetu aliyekuja kuuza ndizi. Jumapili iliyofuata nilipanda mlimani na gari la kazini, nikamkuta nje ya kanisa amesimama na wazee, wamemaliza ibada, wanasalimiana. Sikutoa shikamoo. Nikamwambia mbele yao wote, "Umemng'oa baba."

Akanizaba kofi.

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto. Mchungaji aliangalia pembeni. Niliingia garini nikashuka, na sikupanda tena.

Baada ya muda shemeji, mke wa kaka, alinifuata Njiro nilipokuwa nasimamia mafundi. Kwenye kikapu chake, juu ya ndizi, kulikuwa na jani la isale.

Kwetu isale ni mmea wa mpakani. Una majani marefu, na haukauki hata kiangazi kikiwa kikali namna gani. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake, huna ruhusa ya kumkataa. Unalipokea, unakwenda kwake, mnakaa jikoni mnakula chungu kimoja, na jambo lile halitajwi tena. Nilikuwa nimeona wadogo wakiwapelekea wakubwa. Mkubwa kumpelekea mdogo wake sikuwa nimeona.

"Kaka yako amesema utajua la kufanya," shemeji alisema.

"Mwambie nimeliona."

"Umeliona, shemeji, au umelipokea?"

"Nimeliona. Nikirudi safari nitapanda."

Alibaki amesimama kidogo kwenye mchanga wa ujenzi, amevaa viatu vyake vya kanisani. Kisha akashusha ndizi, akaondoka. Sikumtafutia hata gari la kumteremsha stendi.

Nilikuwa na nafasi ya kupanda. Kutoka Njiro mpaka Nkoaranga si safari ya kumshinda dereva. Nilitaka tu kaka akae na kofi lake kidogo, aonje kusubiri. Jani nililitia kwenye mfuko wa ndani wa koti la mitumba, nikijiambia kwamba nikirudi nitamwonyesha nimetembea nalo dunia nzima, naye atacheka na yatakwisha. Niliuona kama mpango mzuri.

Huko Chile, kabla ya kutoka uwanja wa ndege, walikuwa na mbwa mdogo aliyevalishwa fulana. Alininusa, akakaa chini mbele yangu kwa adabu. Afisa wa kike akaniomba nivue koti. Akalitoa jani, limekunjamana lakini bado kijani, akaliinua.

"Mmea," akasema. "Hauruhusiwi. Wa nini?"

"Umetoka kwa kaka yangu."

"Ni dawa?"

"Hapana."

"Ni chakula?"

Nilitafuta Kiingereza cha kueleza nikakikosa, mimi niliyezoea kueleza uhamaji wa nyumbu bila kupumua. Mgeni wangu alikuwa nyuma yangu, amechoka na safari. "Wape tu," akasema. "Ni jani. Utapata lingine."

Nikasema sawa. Afisa alilitupa kwenye pipa la plastiki lililokuwa na matofaa yaliyoumwa nusu na kipande cha soseji. Nilivaa koti. Nakumbuka zipu ilikwama mahali pake pa siku zote, nami nikasimama pale naivuta mpaka watu waliokuwa nyuma wakanipita.

Tangu hapo mpaka mwisho wa safari nilikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi, akisubiri jino ling'olewe.

Meli ilikuwa nyeupe na safi. Ilipita kwenye njia nyembamba za maji, milima pande zote mbili, misitu iliyolowa mpaka mstari wa maji, maporomoko yakishuka kutoka mawinguni. Mvua ilinyesha karibu kila siku. Hapakuwa na nyumba wala moshi wa jikoni. Tulishushwa kwenye boti za mpira, tumevaa makoti ya kuelea, tukasogezwa karibu na miamba waliyolalia simba wa baharini, wanene, wananuka samaki waliooza, wanagombana kama walevi. Hawafanani na simba hata kidogo. Wageni walifurahi sana. Pomboo walitufuata. Kondori alipita juu, akanikumbusha tumbusi wetu, ila huyu alikuwa na shingo ya manyoya meupe kama mama aliyevaa skafu.

Kila mara kiongozi wetu aliponyoosha kidole, mimi niligeuka kuwatazama wageni. Ndivyo nilivyozoea. Kazini, simba akitokea, dereva anatazama kwenye kioo kuona kama nyuso zimeridhika. Nadhani nusu ya wanyama wa huko sikuwaona. Niliona nyuso.

Siku tuliyofika kwenye mto wa barafu, mvua iliacha. Ulikuwa umeshuka kutoka katikati ya milima mpaka baharini, mpana kuliko mji, na ukingo wake ulikuwa ukuta wa bluu uliopasukapasuka. Kipande kikubwa kama nyumba kilimeguka kikaanguka majini. Sauti ilitufikia baadaye, kama radi ya ng'ambo ya Meru. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa kwenye boti yetu alikuwa analia, akaniuliza kwa upole kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuona theluji.

"Hapana," nikamwambia. "Kwetu naiona asubuhi, kabla ya mawingu."

Ilikuwa kweli. Juu ya shamba letu pana mahali pa kuchungia mbuzi ambapo Kibo inaonekana. Nilipokuwa mdogo kaka aliniambia ule weupe ni uji wa malaika umewamwagikia, na kwamba mtoto anayelia hovyo hupelekwa kule kuufuta. Niliamini mpaka darasa la tatu.

Kiongozi aliokota kipande cha barafu majini, kinang'aa kama kioo, akakipitisha mkono kwa mkono. Alisema kimekaa juu mlimani tangu kabla ya babu za babu zetu. Kilipofika kwangu nilikishika mpaka vidole vikafa ganzi, kisha nikaendelea kukishika. Mgeni wangu akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia ni kizuri sana. Wanaoonyesha ndivyo wanavyopenda kuambiwa, nami nilijua, kwa kuwa hata mimi nilipenda kuambiwa hivyo.

Niliporudi Arusha nilisafisha picha mjini, na zilipotoka tu nikapanda Nkoaranga. Kaka alikuwa kwenye nyanya, anafunga miche kwenye vijiti.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Karibu."

Akanawa mikono. Nilikuwa nimeshageukia jikoni, kwenye kigoda nilichokalia tangu utoto, akanishika kiwiko taratibu. "Huku," akasema, akanipeleka sebuleni. Akaniketisha kwenye kochi lenye kitambaa cha kufuma. Shemeji akaleta soda, akaifungua mbele yangu, akaifuta mdomo wa chupa, kama anavyofanyiwa mgeni wa dayosisi. Nyumba ile sikuwahi kunywa soda.

Nikatoa picha. Alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama moja moja.

"Hii nini?"

"Mto wa barafu."

"Unatiririka?"

"Polepole. Kwa macho huoni."

"Barafu kama ya Kibo?"

"Kubwa kuliko ya Kibo."

"Malaika wa huko hawana adabu," akasema. Akafika kwenye pengwini. "Na hawa? Wamevaa kama mchungaji."

"Mpaka tumbo," nikasema.

Tulicheka wote wawili. Nilidhani imekwisha. Akazipanga picha, akazirudisha kwenye bahasha.

"Na jani?"

Nikamweleza. Mbwa, afisa, pipa. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Wakalitupa."

"Wakalitupa."

"Wao hawajui."

"Hawajui, kaka."

"Wewe ulijua."

Nilitoka nje bila kuaga. Nilikwenda mpaka mpakani, nikakata jani lingine, kubwa, zuri, nikarudi nalo mbio kama mtoto aliyetumwa. Nikampa. Hakunyoosha mkono.

"Umelikata kwenye mpaka wangu uniletee mimi?"

"Nakuomba, kaka."

"Aliyepiga kofi ni mimi. Nikaleta jani. La kwako hili ni la nini?"

"La kuchelewa."

"La kuchelewa halipo." Hakusema kwa hasira. Alikuwa kama mtu anayekuelekeza njia. "Uliambiwa ulipokee, ukasema umeliona. Basi, umeona. Na huko umeona mengi. Kunywa soda, inapata moto."

Nikanywa.

Baada ya hapo hatukugombana tena hata siku moja. Nyumba ya Njiro ilipokwisha alikuja kwenye maombi, akakaa na wageni, akachangia vizuri, akaondoka na wageni. Nilipomsalimu aliitika. Watoto wangu walipooa alisimama kama baba mkubwa, hakukosa hata kikao kimoja. Mtu wa nje angesema ndugu wale wanaheshimiana. Aliugua, akalazwa pale pale hospitali ya mlimani, nikawa nakwenda. Alinishukuru kila nilipokuja. Ndugu hashukuriwi kwa kuja. Siku ya kumzika nilitia udongo zamu yangu ilipofika.

Picha za barafu bado ninazo. Rangi ya bluu imefifia, zote sasa zinaonekana kama ukungu. Wajukuu wakiniuliza nilikwenda kufanya nini huko, nawaambia nilikwenda kuona.

Bado napanda Nkoaranga, mara chache, miguu ikikubali. Shemeji ni mzee kama mimi. Ninapofika nawasikia jikoni wakicheka, harufu ya ndizi inatoka, kisha mtu anasema, "Kuna mgeni," na kicheko kinashuka. Nakaa kwenye kochi. Soda inaletwa, inafunguliwa mbele yangu, mdomo wa chupa unafutwa. Huwa naimaliza yote.